Chumba cha Kusahaulishia

Niliambiwa, na nikaamini mpaka kwenye mifupa, kwamba katika kituo kimoja cha afya hapa mjini kuna chumba cha kusahaulishia. Ukifiwa na ukazidiwa, unapelekwa mle, unakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mama mmoja mwenye kalamu, naye anakuuliza jina la marehemu wako. Unalitaja. Anakuuliza tena. Unalitaja. Ukilitaja mara ya tatu, basi, limekutoka. Linabaki kwenye daftari lake na wewe unarudi nyumbani mwepesi kama shuka iliyoanikwa. Mfano ulikuwepo, tena wa karibu. Bwana mmoja wa Bububu, aliyefiwa na mkewe, aliingia mle akilia akatoka akipiga mluzi. Alipofika kwake aliitazama picha ya harusi ukutani, akawauliza wanawe, "Bibi huyu nani? Mpangaji?"

Habari hii aliileta muuza kahawa wa barazani kwetu, aliyeipata kwa shemeji yake, aliyeipata kwa mtu aliyemwona huyo bwana kwa macho yake, au alimwona jirani yake. Na mimi ni mtu mwenye cheti. Nilisoma masomo ya jioni miaka minne, mvi zishaniota, nikafaulu mpaka bayolojia, na pilau ya sherehe yangu harufu yake ilifika Mangapwani. Bado niliamini.

Niliamini kwa sababu nilihadithiwa siku ya pili baada ya kumzika mke wangu, na kumkumbuka ndiyo kazi pekee niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Hatukujaaliwa watoto. Tulikuwa wawili kwenye ghorofa ya juu ya nyumba kongwe, ngazi thelathini na mbili za kupanda, yeye akinifunza hesabu za cheti huku anachambua mchele, mimi nikimwapia kwamba hesabu hizi kaziunda shetani. Mimi ni fundi wa feni. Feni nilizozitengeneza maishani mwangu, zikiwashwa zote kwa pamoja, zitaisukuma Unguja mpaka igongane na Pemba. Lakini siku nne alizoumwa mke wangu sikuweza kutengeneza kitu. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa sokoni Darajani, akanirekodia sauti kwenye simu: "Usisahau ndimu. Na usilete zile kavu kama za juzi, maana wewe unachagua ndimu kama unachagua skrubu." Sekunde kumi na moja. Nilichagua ndimu nzuri siku ile, laini, zina maji. Nilipopanda ngazi nikawakuta majirani wamejaa ukumbini, na hakuna aliyeniangalia usoni.

Msiba ulikuwa wa watu wengi. Siku ya tatu tukasoma khitma, watu wakala, wakakunja mikeka, wakaniambia Mungu akupe subira, wakashuka ngazi. Nikawasikia mpaka ngazi ya mwisho.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijui kama kuna mwanamume mwengine kisiwani amewahi kulifanya. Mwanamke akifiwa na mumewe ana eda: miezi minne na siku kumi anakaa ndani, na mtaa mzima unajua yuko katika jambo gani. Mashoga zake wanakuja na sahani zimefunikwa kawa. Wanamsikiliza habari ile ile mara arubaini. Siku ya mwisho anakoga, anabadili nguo, anatoka. Mwanamume hana kitu hicho. Anapewa siku tatu na pole za njiani, ya nne anatakiwa dukani. Nikafikiri, kwa akili ya mtu mwenye cheti, kwamba wanawake wamepewa dawa na sisi tumenyimwa. Nikaamua kukaa eda kwa siri.

Kwenye kibanda changu nikabandika karatasi: FUNDI AMESAFIRI. Kila mtu alijua safari yenyewe imeishia ghorofa ya juu. Nyuma ya mlango wa kabati nikawa napiga mstari wa chaki kila asubuhi. Sikupika. Nilikula mikate na chai, na kuna siku nilikula chai tu. Nililala upande wangu wa kitanda, au tuseme nilijilaza, maana usingizi ulikuwa umehama na vitu vyake vyote. Sauti ya ndimu niliisikiliza mara milioni mbili. Jina lake sikulitaja tena. Nikitaka kumsema, nasema "mwenyewe". Niliogopa lisije likanitoka bila hata kufika kwenye kile chumba.

Mtu pekee aliyepanda zile ngazi ni mama mkwe wangu. Alikuja kila Jumatano kutoka Mangapwani, mtu wa miaka sabini na kitu, na kikapu cha muhogo na nazi. Mimi na yeye tuna heshima yetu ya ukwe. Hatuli sahani moja wala hatukai kutazamana. Anakaa uwani, ua wetu wa hapo hapo ghorofani, na mimi nakaa ukumbini, pazia la mlango katikati yetu, tunazungumza kama watu wawili kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nshakula."

"Mwongo. Hili sufuria lina vumbi."

Anapika, ananisukumia sahani chini ya pazia, ananisikiliza natafuna. Siku moja akaniambia, "Vyungu vya mrehani vya mwanangu vinakufa huku. Wewe unavitilia maji lini?" Nikaendelea kutafuna. "Basi asubuhi ukishapiga mswaki uvitilie maji. Sikwambii ufanye jengine. Hilo tu." Sikujua kama alikuwa anavihurumia vyungu au ananihurumia mimi, lakini nikawa natoka uwani kila asubuhi na birika, na ukitoka uwani jua linakupiga tu, utake usitake.

Siku ya mwisho ya hesabu yangu nilikoga kwa sabuni nzima. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajitia mafuta mazuri, nikasimama katikati ya ukumbi kusubiri.

Halikuja kitu. Nikangoja mpaka adhuhuri. Kabati lile lile, mistari ya chaki ile ile, na kile kitu kifuani kimekaa palepale kama mgeni aliyevua viatu. Nikashuka barazani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda na kanzu ile.

"Yakhe!" akapiga kelele muuza kahawa. "Umesharudi safari? Zawadi zetu ziko wapi?"

"Mpe kahawa kwanza," akasema jirani yangu wa chini, mzee mstaafu wa bandarini, mtu ambaye huongea maneno tisa kwa mwezi. Nikapewa kikombe. Kahawa ikanimwagikia kanzuni, na wote wakajifanya hawakuona.

"Hebu tuambie," akasema muuza kahawa, "ulikuwa ukifanya nini huko juu?"

Sijui kwa nini nilisema kweli. "Nimekaa eda."

Walicheka, jamani. Muuza kahawa aliweka dele lake la kahawa chini asije akajiunguza. "Eda! Mbona hukutwambia, yakhe, tukakuletea kanga!" Na mimi nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu siku ya ndimu, kikatoka na sauti mbaya kama feni iliyokosa mafuta, na katikati yake kikageuka. Nikalia barazani, mchana kweupe, mbele ya watu.

Hakuna aliyesema pole. Mstaafu alikuwa anatazama vidole vyake. Baadaye akasema, "Alipokufa mke wangu, nilivaa viatu vyake. Vya ndani. Wiki nzima."

"Vilikuenea?" akauliza muuza kahawa, taratibu.

"Havikunienea. Nilivivaa hivyo hivyo."

Kuanzia siku ile walinitia kwenye kikoa chao cha mchana, kila mmoja na zamu yake ya kuleta chakula barazani. Mimi nilipangiwa ndimu na pilipili. Sijui nani aliyepanga hivyo, na sikumwambia mtu maana ya ndimu kwangu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya fungu la ndimu Darajani mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kiti. Lakini nilizileta. Usipokuja, mstaafu anapanda mwenyewe ngazi thelathini na mbili na magoti yake mabovu, anagonga mlango, hasemi kitu, anakungoja uvae viatu. Nani ataweza kumpandisha mzee yule mara mbili?

Kwa hiyo nilikula. Nilioga. Mrehani ukarudisha majani. Kibandani niliibandua karatasi. Lakini kulala, sikulala, na nilianza kupoteza vitu: bisibisi, siku za wiki, habari nusu njia. Siku moja niliwasha feni ya mteja nikasahau kwamba mkono wangu bado umo ndani yake. Kovu ninalo.

Muuza kahawa mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuogopa. "Yakhe, hali hii inataka watu wa hospitali."

"Wale wa chumba chako cha kusahaulishia?"

Akagonganisha vikombe vyake.

Kisha ikaja Jumatano moja. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia anakuna nazi, na mimi nilikuwa namhadithia, kwa furaha kabisa, namna nilivyomwona mwanawe mara ya kwanza. Amesimama kwenye ngazi za skuli, kanga kichwani, na kile kidoti chake kwenye shavu la kulia.

Mbuzi ikasimama. "La kushoto," akasema.

"La kulia, mama."

"Mwanangu, mimi nimemzaa. La kushoto."

Nikaenda kwenye picha. Kushoto. Miaka kumi na tisa nimekitazama kidoti kile, nimekisifu, nimeapa kwacho, na kichwa changu kimekihamisha kama mtu anayehamisha kiti. Nilikuwa nimejifungia, nimelibana jina lake mdomoni, ili asinitoke. Na kumbe alikuwa anatoka. Kidogo kidogo. Anaanzia shavuni.

Nikamwambia yote kupitia pazia: eda, chaki, bwana wa Bububu, daftari. Yule mama hakucheka. Nilisikia tu anafuta mikono.

"Kwanza," akasema, "eda ni ibada, si vidonge ukimaliza dozi upone. Wanawake wanaotoka eda wanalia kesho yake. Nyinyi hamuwaoni tu. Na la pili. Wewe unadhani Jumatano nakuja mjini kwa ajili ya kukukunia nazi?"

"Basi unakuja kufanya nini?"

"Nakwenda kwenye hicho chumba. Tangu mwezi wa pili wa msiba. Natoka kule ndipo nakuja huku."

Nikatazama pazia. Mwanamke huyu alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na kila Jumatano nilikuwa nikimpa masufuria yangu yenye vumbi, bila kumuuliza hata siku moja yeye analala vipi.

"Na bado unakikumbuka kidoti," nikasema.

"Na ukucha ulioingia ndani. Na surua alipokuwa na miaka mitatu. Wiki ijayo tutakwenda pamoja."

Ningekuwa mtu wa akili ningetulia hapo. Lakini usiku mzima nilipigana na fikra nyengine: yeye ni mama, amembeba tumboni, hakuna daftari la kumtoa mtoto tumboni mwa mamake. Mimi ni mume tu. Nimefungwa naye kwa cheti cha ndoa, na vyeti mimi navijua, ni karatasi.

Jumatano iliyofuata mama mkwe aliniacha mlangoni, akakaa kwenye benchi la nje na kikapu chake. Kiti kilikuwa cha plastiki kweli. Mama alikuwepo, mtu mzima, buibui jeusi na miwani. Na kalamu alikuwa nayo. Na daftari. Wallahi nilihisi kama naingia kwenye habari ya muuza kahawa kwa miguu yangu miwili.

"Karibu, baba. Marehemu anaitwa nani?"

Nikalitaja. Lilitoka na kutu, lakini lilitoka. Moja, nikahesabu.

Feni ya darini ilikuwa inapiga kelele. Kapasita imechoka, nikajisemea, ili nisifikirie jengine. Yule mama akakunja uso, akasogeza sikio. "Samahani, baba, feni hii. Umesema nani?"

Nikalitaja tena. Mbili.

Akaandika, akasita, akainua kalamu. "Hebu nirudilie, nisije nikalikosea."

Nikafumba mdomo. Nikashika kingo za kiti. Nikamwambia hapana, mama, nisamehe, la tatu silitoi, hili ndilo nililobakia nalo. Na kwa kuwa nilishaanza, nikamweleza habari nzima, mpaka bwana wa Bububu na mpangaji wake.

Alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena.

"Baba," akasema, "hapa hatumtoi mtu kichwani mwa mtu. Hatuna dawa hiyo, na ingekuwepo nisingempa yeyote. Kinachokusahaulisha wewe ni kukosa usingizi. Tutatafuta njia ulale, na utakuja kuzungumza. Jina lake litaje mara mia, utaondoka nalo. Hutomsahau."

Nikaziachia kingo za kiti, nikalitaja mara ya tatu, na bado nilikuwa nalo.