Kichaka cha Mlangoni kwa Kinyozi

Shemeji yangu ni kinyozi, mpole kiasi cha kumnyoa mtoto mchanga bila kumwamsha usingizini. Huo upole ndio uliomponza.

Dada yangu, mkewe, ndiye aliyekitoa kile kichaka mlimani penye mawe, akakipanda kwenye ndoo iliyotoboka, mlangoni mwa duka la kunyolea. Kichaka cha kwetu tu, hakivuki kiuno, vimaua vyake vya zambarau. Kwenye ndoo alitia mchanga na kokoto, udongo kiduchu. "Huyu kazoea shida," alimwambia mumewe. "Ukimdekeza umemuua. Usimpe maji mpaka majani yaanze kujikunja."

Dada alipofariki, watu walikuja kutoa pole palepale dukani. Kila aliyekunywa maji, yaliyobaki aliyamimina kwenye ile ndoo. "Tukinyweshee kichaka cha marehemu," wakawa wanasema. Nia njema, sawa, lakini hizo nia njema zao nilitamani kuzipiga teke. Shemeji aliona haya kuwakataza. Majani yakawa manjano, na tulipokichomoa, mizizi ilikuwa imeoza, inanuka.

Alilia mbele ya wateja, mtu mzima. Kisha akafuta uso, akachukua mkasi wa kazi, akakata vijiti kwenye matawi yaliyokuwa bado na uhai. Akapukutisha majani ya chini, akavichomeka kwenye ndoo ileile, kwenye mchanga mpya wenye unyevu kidogo, kivulini, akavifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa matako. Yote hayo alifundishwa na dada. Vikakauka kimoja baada ya kingine, kikabaki kimoja tu, kikashika mizizi.

Hakijakaa sawa, kikatoa tumba la ua.

Sheria naijua hata mimi, maana dada alituimbia mpaka tukachoka: kijiti kichanga kikitaka kuchanua, linyofoe tumba, nguvu zirudi mizizini. La sivyo kinajimaliza.

"Shemeji, nyofoa hilo," nilimwambia.

"Najua."

"Kama huwezi, nipishe nikunyofolee."

Akasimama kati yangu na ndoo. "Tangu aondoke sijaliona ua lake. Niache nilione, shemeji. Mara moja tu."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Lakini siku hiyo nilirudisha mkono, nikampisha.

Likachanua, zambarau ileile. Shemeji akahamishia kiti chake mlangoni, wateja wanasubiri, yeye anatazama. Halafu kijiti kikasinyaa kuanzia juu, kikafa na ua lake likiwa bado limening'inia.

Kwa kawaida shemeji hufagia duka kila akimaliza kichwa kimoja. Nilipopita siku hiyo, nilikuta nywele zimetapakaa chini na fagio limeegemea ukutani. Upepo ulikuwa umeliangushia ua ndani, chini ya kiti cha kunyolea. Shemeji amepiga magoti, anaziondoa nywele za watu kwa vidole, polepole, kulizunguka.

"Shemeji," aliniambia bila kuinua macho, "sasa ndiyo ameondoka."