Kufuli la Kijani, Kufuli la Njano

Mama yangu hajatamka neno kwa miaka mitatu, lakini kila Jumapili ananinyooshea kidole.

Ni kidole cha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikufa siku ileile. Anakielekeza hapa, kwenye mfuko wa suruali yangu. Ndugu wote wamejiridhisha kwamba anataka leso. "Mpe mama leso, wewe vipi?" wananiambia.

Nampa. Anaitupa chini.

Mimi ndiye pekee ninayejua anataka nini. Leo nasema. Naandika haraka haraka kabla sijapata akili ya kunyamaza tena, kwa hiyo nikikosea mnisamehe.

Mimi ni mlinzi wa lango la mpakani. Lango lenyewe liko katikati ya daraja, la chuma na wavu, limetoka ukingo hadi ukingo, refu kuliko watu wawili, na juu lina seng'enge. Chini ni mto, na mto ule haujui utani. Upande huu ni nchi yetu, upande ule ni majirani.

Lango lilifungwa kwa mnyororo mmoja na makufuli mawili. Letu la kijani, lao la njano. Ncha moja ya mnyororo ilishikwa na kufuli letu, ncha nyingine na lao, na makufuli yenyewe yameshikana katikati kama watu wanaosalimiana. Kwenye wavu kulikuwa na tundu la kupitisha mikono, ili kila upande ufikie la kwake.

Wakubwa waliyapenda makufuli yale, jamani! Kila wakija kusaini makubaliano ya ushirikiano lazima wapige picha pale. Wakaweka na bango: HAPAFUNGULIWI MPAKA SOTE TUFUNGUE.

Na sisi tulikuwa na adabu zetu. Kila asubuhi mwenzangu wa ng'ambo anaanza kufungua lake, analiacha limening'inia palepale, maana jirani hupewa heshima ya kwanza. Mimi nafuata. Ndipo tunayachomoa na kuuvuta mnyororo pamoja. Miaka tisa hakuna aliyewahi kuugusa kabla ya makufuli yote mawili kufunguka.

Mwenzangu huyo ni shemeji yangu. Amemuoa mdogo wangu wa kike.

Mama alimpenda kwa masimango. Alikuwa akija darajani kunichungulia, anapaza sauti kupita wavuni, "Mkwe! Mbona umekonda? Huko kwenu mnakula mihuri?"

Shemeji anacheka mpaka kofia inamwanguka.

Halafu serikali zetu zikanuniana. Wao walizuia vitunguu vyetu, sisi tukazuia maziwa yao. Malori yakapanga foleni pande zote mbili. Vitunguu vya kaka yangu mkubwa vilikuwa humo, vinaoza, na mimi nikawa nalala na hasira na kuamka nazo.

Alhamisi asubuhi ikaja amri: daraja lifungwe mpaka tume ya pamoja ikutane. Ufunguo wetu nilibaki nao mimi. Ufunguo wao ulichukuliwa na bosi wa shemeji, mzee mmoja tuliyempa jina la Bwana Waraka, kwa sababu bila karatasi hata chafya hapigi. Akaondoka nao kwenda mjini kwao.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, mama alianguka akikunja nguo.

Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia umelegea kabisa. Muuguzi wa zahanati yetu alimtazama mara moja tu.

"Kiharusi," akasema. "Mkimbizeni ng'ambo. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ina saa zake. Zikipita, imekwisha."

Hospitali ya ng'ambo ni dakika kumi na tano toka darajani. Ya kwetu ni saa saba, barabara yenyewe mashimo matupu.

Tukamlaza kwenye godoro juu ya mkokoteni, tukakimbia naye mpaka langoni. Shemeji tayari alikuwa upande wa pili, gari linanguruma.

"Ufunguo uko wapi?" nikapiga kelele.

"Anao bosi! Nampigia, nampigia!"

Alimpigia mara kumi na moja. Bwana Waraka akajibu kwamba hawezi kutoa ufunguo bila barua ya kuombwa kutoka upande wetu. Wilayani kwetu tukapiga, wakasema hawawezi kuandika barua kabla ya upande wa pili kutangaza kwamba uko tayari. Barua mbili zikawa zinasubiriana.

Shemeji akaokota jiwe, akaligonga kufuli la njano. Askari wao akamwekea bunduki kifuani. "Ukigonga tena, nitasahau kwamba nakujua."

Mkuu wangu wa kituo akatoka ofisini. Mama mmoja mkali, lakini siku hiyo macho yalikuwa yamemlowa.

"Fungua la kwetu," akaniambia. "Lawama nitabeba mimi."

Sikilizeni nilichomjibu.

"Nikifungua letu peke yake itasaidia nini, mkuu? Waanze wao!"

Nilisema kwa sauti kubwa, makusudi, yule askari asikie. Nilikuwa na vitunguu kichwani. Mama yangu yuko chini pale, anakoroma, na mimi nina vitunguu kichwani.

Shemeji akaingiza mikono kwenye tundu, akanishika shati. "Shemeji, nakuomba. Fungua lako basi, angalau libaki moja."

"Nyie ndio mmeyaleta haya! Lete ufunguo kwanza!"

Akaniachia. Akakaa chini upande wake, akalia kama mtoto.

Mama akatoa sauti. Niliinama. Lilikuwa neno moja, limekatikakatika, lakini nililielewa.

"Fu... ngua."

"Tunafungua mama," nikamwambia. "Tunawasubiri wao."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Mpaka leo.

Saa nane ikakaribia. Jua lilikuwa linatuchoma, nikamfunika mama kwa shati langu. Nilitembea huku na huku, nikaomba Mungu, nikatukana serikali mbili kwa zamu. Kila nikipita, ufunguo uligonga paja langu mfukoni.

Hatimaye Bwana Waraka akaja. Bila barua. Mdogo wangu alikuwa amemfuata hadi ofisini kwake na kugaragara mlangoni.

Shemeji akampokonya ufunguo. Machozi yamemziba macho. Akalifungua kufuli la njano, akalichomoa palepale.

Mnyororo ukaanguka chini. Chwaa!

Na mimi mkono wangu ulikuwa bado mfukoni.

Shemeji hakuona. Alidhani langu nilishalifungua. Wote walidhani hivyo. Wakasukuma lango, wakambeba mama, wakakimbia. Kufuli la kijani lilikuwa sakafuni, limefungwa vilevile, limeng'ang'ania mnyororo.

Nikainama upesi, nikalifungua, nikasimama. Ilinichukua muda wa kupepesa jicho.

Wakati nainuka nikakutana na macho ya mama. Walikuwa wamembeba uso ukiwa huku kwangu. Aliyatazama yale makufuli, kisha akanitazama mimi.

Daktari alisema, "Mngefika mapema, hata kwa saa mbili tu."

Shemeji akaanguka kwenye korido. "Nimemuua mama! Ufunguo wangu umemuua mama!"

Nilimwinua. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Sikumwambia kingine.

Kesho yake mchana nilirudi langoni peke yangu. Nikafunga yote mawili, nikafungua na kuchomoa la kijani tu. Mnyororo ukaanguka. Nikarudia mara tatu. Ulianguka mara zote tatu.

Aliyeyafunga siku ya kwanza aliyaunganisha hivyo ili kila nchi iweze kufungua peke yake, kwa ufunguo wake. Bango likaja baadaye, na sisi tukaliamini bango.

Siku kumi na moja baadaye serikali zikapatana. Wakubwa walikuja, wakakumbatiana, wakapiga picha pale pale. Mimi nilisimama nyuma yao na ufunguo wangu.

Shemeji aliacha kazi. Kila Jumapili anavuka daraja, anapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe. Ufunguo wangu ulichelewa."

Mama anatikisa kichwa. Halafu ananinyooshea mimi kile kidole, kwenye mfuko. Na mimi, mwanaume mzima, natoa leso.

Mnaosoma hapa, huenda hamjawahi kufika mpakani. Lakini mna ndugu mliyegombana naye, mna mke au mume mliyenuniana, na kila mmoja anasema aanze yeye. Nawaomba tu mjaribu ufunguo wenu. Mimi sikujaribu, na mama yangu alinisihi kwa pumzi yake ya mwisho ya kusema.

Leo ni Jumapili, saa tisa. Nasikia hodi, ni sauti ya shemeji, na leo nitamwambia kabla hajapiga magoti.

Dakika chache zilizopita nimeutoa ufunguo mfukoni, nikauweka kwenye kiganja cha mama.

Ameushika. Hajautupa chini.