Kona za Shuka

Kazini humwita Mama Shuka, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na miwili ametandika vitanda vya hoteli, vyumba kumi na vinne kwa zamu, na kila kona ya shuka huikunja mara mbili na kuibana chini ya godoro mpaka ikae kama bahasha. Ukimwambia hiyo nayo ni kazi gani, atakuangalia mpaka ujute.

Watoto wake walipochangishana ili yeye na mumewe, fundi bomba, wakapumzike wiki moja kwenye kisiwa cha ng'ambo, alichekelea mwezi mzima. Alinunua magauni mawili ya maua na miwani ya jua mikubwa. "Safari hii," alitamba, "natandikiwa mimi."

Wapi! Asubuhi ya kwanza mumewe alitoka bafuni akamkuta amepiga magoti, ananyoosha shuka.

"Mama watoto, umekuja likizo au umekuja zamu?"

"Niache bwana. Yule dada anayetandika ana vyumba chungu nzima. Uzito wa godoro naujua mimi."

"Haya. Na mimi nikisikia bomba linavuja?"

"Liguse uone!"

Ikawa ndiyo mtindo. Kabla ya kwenda ufukweni anatandika, anafuta vioo, anapanga taulo. Mhudumu wa chumba, msichana mwembamba mwenye tabasamu la haraka, akifungua mlango anakuta kila kitu tayari. Anaweka sabuni mpya, anainamisha kichwa kushukuru, anaenda zake. Mama Shuka alijiona ametenda wema wa ajabu. Kwa ujuzi wake wote, alisahau jambo ambalo kwao analijua hata usingizini: msimamizi hukagua kona.

Siku ya tano walirudi kutoka kuogelea wakamkuta msimamizi mlangoni, mhudumu nyuma yake. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba shuka za chumba hiki hazikukunjwa kama wanavyokunja wao, kwamba hazijabadilishwa tangu wageni waingie, na kwamba mhudumu anadai mgeni ndiye anayetandika.

"Samahani kukuuliza, mama. Ni kweli?"

Hapo palitakiwa neno moja tu. Lakini Mama Shuka alikuwa ndani ya gauni la maua, miwani juu ya kichwa, na mtu na mkewe wa chumba cha jirani, waliokuwa wakimsalimia siku zote hizo kana kwamba ni mke wa waziri, walikuwa wamesimama wanasikiliza. Aliona aibu. Alihofu kwamba akikubali, watajua yeye ni nani. Akacheka.

"Mimi? Nitandike kitanda likizoni?"

Msichana aliitazama tu mikono ya Mama Shuka, vidole vilivyochubuka kwa dawa za kusafishia, na ilionekana wazi kwamba ameelewa. Kisha akashusha macho.

"Kwa nini umemkana?" fundi bomba aliuliza walipofunga mlango. Utani ulikuwa umemtoka.

"Sijui. Ulimi umeteleza."

"Haujateleza. Nenda ukaseme."

"Kesho."

Kesho yake aliyefungua mlango alikuwa mhudumu mwingine. Mama Shuka alishuka ngazi mbio, miguu mitupu, mpaka ofisini kwa msimamizi. Alisema yote: kwamba ni yeye, kwamba hata kwao kazi yake ni hiyohiyo, kwamba alidanganya kwa kuona haya. Msimamizi alimsikiliza, akamshukuru. Msichana aliachishwa kazi jana ileile, alisema, lakini atajaribu kumtafuta. Alisema kwa upole sana. Mama Shuka amefanya kazi chini ya wasimamizi wengi wapole, na alijua ahadi kama hiyo huishia wapi.

Siku aliyorudi kazini, wenzake walimzunguka kwenye chumba cha kufulia, kila mmoja na rundo lake la mito.

"Haya, tuambie! Umejifunza nini huko ng'ambo?"

Walisubiri vichekesho, maana Mama Shuka ni bingwa wa vichekesho. Aliwasimulia habari ya yule msichana tu, mwanzo hadi mwisho, bila kujipunguzia. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hana muda na maneno mengi, aliweka mito yake chini.

"Tuiandikie ile hoteli barua," alisema. "Sote tutie sahihi. Huyo mwenzetu anaitwa nani?"

Mama Shuka alishika beji ya jina kifuani mwake, ile ambayo mara ngapi amelalamika kwamba wageni hawaisomi.

"Alikuwa nayo kama hii," alisema. "Sikuisoma."