Utulivu wa Mwenzangu

Asubuhi niliyoondoka machimboni sikujua naenda wapi. Nilikunja turubai langu, nikatia sufuria na shati la pili ndani ya kiroba, nikapita nyuma ya vibanda ili nisipite mbele ya duara letu. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Kwenye mdomo wa shimo hilo, juu ya mfuko wa mchanga, mwenzangu alikuwa amekaa amefumba macho, na nyuma yake walikaa wachimbaji wengine kama watu wanaosubiri zamu ya kunyolewa. Wote macho wamefumba. Mmoja alifumbua jicho akaniona napita, akalifumba tena upesi kana kwamba kuniangalia kungemkosesha kitu.

Nilielekea upande wa mto Mara kwa sababu barabara ile ilikuwa inateremka.

Jambo lililonitoa ni dogo kulisimulia. Nilikuwa namwonea wivu mtu kwa sababu amejua kukaa kimya kuliko mimi. Sikumwonea wivu wa dhahabu, ingawa dhahabu nayo ilipatikana. Dhahabu ningeivumilia.

Shule niliiacha darasa la tano. Nilichoka kuuliza maswali na kuambiwa nikae chini. Tangu hapo nimechunga ng'ombe wa watu, nimebeba mizigo mpakani Sirari, nimefyatua matofali, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Dhahabu ilipoanza kuwatoa watu mashambani, nilipata kazi Tarime mjini, nyumbani kwa fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Nilikuwa nafyeka uwanja na kuosha gari. Fundi huyo alitoka Sri Lanka. Mtaa mzima ulimwita Mhindi. Kila siku aliwaambia, "Mimi si Mhindi," na kila siku walimwitikia, "Sawa, Mhindi."

Kabla ya chai aliweka ua na glasi ya maji mbele ya sanamu ndogo ya Budha iliyokuwa juu ya jokofu, kisha akakaa sakafuni bila kusema neno. Siku za mwanzo nilidhani anaumwa. Baadaye nikauliza. Alikuwa na Kiswahili cha gereji, cha kuagiza spana.

"Wewe uliza sana," aliniambia. "Kaa. Pumzi ingia, jua. Pumzi toka, jua."

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Mpaka lini?"

"Kaa kwanza, halafu choka kuuliza."

Nikakaa. Nilikaa kwa udadisi tu, nikitaka kujua anachokiona mle ndani. Kidogo kidogo akanieleza mengine. Kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa pombe. Hilo la pombe lilinisumbua sana. Akanieleza pia kwamba moyo una mazoezi yake manne: kuwatakia watu mema, kuwahurumia wanaoumia, kufurahia heri ya mwingine kama vile ni yako, na kutulia katika yote. Alipofika kwenye zoezi la tatu alinitazama akacheka. "Hii wewe shida," alisema. Alikuwa ameona nilivyoitazama baiskeli mpya ya mlinzi wa jirani.

Alisema pia kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Wivu ukija usiufukuze wala usiukaribishe chai. Useme tu: umekuja.

Mkataba wake uliisha akarudi kwao, mimi nikaenda machimboni. Huko nikamkuta mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwenye mstari mmoja, yeye akiwa mbele yangu. Kwetu Wakurya kijana husimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, na ndugu zako wako pembeni na silaha mkononi wanakutazama uso. Waliosimama pamoja huwa kama ndugu wa tumbo moja. Lakini mashindano yale hayaishi siku ile. Ukimwona mwenzako ananunua ng'ombe unajipima. Akioa unajipima. Hata akifiwa, unaangalia kama atalia.

Tuliingia duara moja. Kila alfajiri nilikaa kwenye mdomo wa shimo kabla hatujashuka, na kwa msimu mzima alinitania, akiniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana Wakurya.

"Mura, umekufa?"

"Nakaa."

"Watu wote wanakaa. Hata mbuzi."

Siku moja aliacha utani akaniomba nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Mimi ndiye niliyemfundisha: sentensi hiyo nimeisema kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala yoyote.

Hakuchukua muda. Mtu aliyekuwa anarusha viti kilabuni alianza kupita kilabu bila kugeuka. Mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, alipotupunja sisi tulichukua mapanga, yeye akaenda kuzungumza naye kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na mawe yetu yakarudi. Usiku alilala kama mtoto aliyeshiba. Nikimtazama usoni niliona kitu nilichokuwa nakitafuta tangu Tarime, na hakikuwa kwangu.

Mimi nilikuwa nainuka kwenye kukaa meno yananiuma kwa kuyabana. Aliona.

"Mbona unakaa kama uko mbele ya ngariba?" aliniuliza. "Hapa hakuna mtu ameshika kisu."

Alisema bila ubaya, akanipiga bega. Nilitaka kumpiga ngumi.

Kisha duara letu likakutana na mwamba wenye dhahabu. Wachimbaji hawaamini kwamba mwamba hutoa tu kwa sababu umefikiwa. Lazima pawe na sababu. Wengine hawaogi wiki nzima, wengine wanakataza mtu kupiga mluzi shimoni, wengine wanafunga safari kwa waganga. Safari hii walitafuta sababu wakamkuta mwenzangu amefumba macho juu ya mfuko wa mchanga. Kesho yake mtu akaja kukaa nyuma yake. Kisha wengine. Wakamletea kuku mweupe amchinje. Akakataa, akisema hachinji tena, na kukataa huko kukaonekana ni dawa kali zaidi.

"Hii haileti dhahabu," aliwaambia. "Ni ya kichwa."

"Tumeelewa," walijibu. "Tuelekee mashariki au popote?"

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimekaa pale msimu mzima kabla yake, wakati shimo linatoa tope, na kwa hesabu yao jibu lilikuwa wazi. Mmoja wao, mtu mpole, alinishika mkono akanisogeza kando. "Wewe kaa mbali kidogo, mura. Ukikaa wewe ilikuwa inatoka tope."

Mwenzangu alisikia. Alinifuata akaniomba nikae karibu naye, mbele ya wote. Huruma yake iliniumiza kuliko maneno ya yule mwingine. Asubuhi iliyofuata ndiyo niliyopita nyuma ya vibanda.

Kabla ya daraja la mto Mara lori lilisimama. Lilikuwa limeshusha magogo ya kuegemeza kuta za maduara na sasa linarudi tupu Mugumu. Dereva alikuwa peke yake na alitaka mtu wa kuongea naye.

"Unatoka duara lipi?"

Nikamwambia.

Akapunguza mwendo. "Lile la jamaa anayefumba macho?"

"Ndilo."

"Ni wewe?"

Nilitazama mbele. Ningeweza kusema hapana, neno fupi tu. Sikusema. Na kwa kuwa kila mtu alishasikia kwamba jamaa huyo si msemaji, kimya changu kilikuwa jibu. Dereva alizima redio. Akanipa hindi lake la kuchoma, lote, akafuta kiti changu kwa kitambaa huku nimekikalia. Hata alipotaka kumtukana mwenye pikipiki aliyemkata mbele, alinitazama kwanza akameza.

Lile hindi lilikuwa tamu. Nilikula heshima ya mwenzangu punje kwa punje, na kwa muda nilijisikia mtu. Tulivuka mto, tukapanda kuingia wilaya ya Serengeti, mashamba ya mtama pande zote na ng'ombe barabarani. Dereva aliniuliza nikifumba macho naona nini. Nikamjibu kwa sauti ya upole, na nikasikia kwamba ile sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu. Nilikuwa nimeiiga mpaka anavyotua katikati ya maneno.

Hapo ndipo nilipohisi taya. Meno yalikuwa yamebanana na hindi bado liko mdomoni. Kifua kilikuwa cha moto chini kidogo ya koo. Nikasema kimoyomoyo, umekuja. Lakini ulikuwa umekuja zamani. Niliufuata nyuma kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyepotea: nyuma ya kuku mweupe, nyuma ya siku niliyomfundisha kukaa, hadi Tarime kwenye sakafu ya yule fundi. Hata kule, siku ya kwanza, nilipofumba macho nilijiona nimesimama kwenye mstari, na mbele yangu yupo mtu ambaye sipaswi kushindwa naye. Nilikuwa nakaa ili nimshinde kabla yeye hajajua kama kuna kukaa. Pumzi yangu yote nilikuwa naivuta nikiwa nimejikaza nisipepese.

Nilitaka kumwambia dereva ukweli palepale. Lakini alikuwa ameshaanza kunieleza mpango wake: anamjua mzee fundi cherehani Mugumu mwenye chumba cha nyuma, mtu wa dini, atafurahi kunipokea. Nikanyamaza tena, safari hii kwa aibu.

Tulifika Mugumu watu wanatoka kuswali alasiri. Nyumba ya mzee huyo ilikuwa nyuma ya soko, cherehani barazani, naye amevaa kofia na futi shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea mgeni mkubwa," alisema dereva. "Yule wa machimboni. Anakaa kimya, dhahabu inatoka."

Mzee alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alinitazama kuanzia viatu.

"Mambo ya uganga humu ndani sitaki," alisema. Kisha akavua miwani. "Lakini mwanangu yuko huko chini machimboni. Mwaka unakwisha hajapata kitu, na nyumbani hataki kurudi mikono mitupu. Chumba ni chake. Kama unaweza kukaa humo ukamwombea, au sijui mnaitaje, ukae. Sitakudai kodi."

Sikuwa na pa kulala wala mtu mwingine ninayemjua mji ule. Nikatua kiroba chini.

"Si mimi, mzee."

"Anajishusha," alisema dereva. "Ndivyo walivyo hawa."

"Si mimi. Ni mwenzangu. Wewe uliniuliza, mimi nikanyamaza."

Dereva alinikodolea macho. "Na hindi langu umelimaliza."

Mzee alirudisha miwani. "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha," nikasema. Nilikuwa nimeitunza sentensi hiyo muda mrefu, nikidhani siku itakapotoka itatikisa nyumba. Ilitoka kama kikohozi.

"Basi unajua zaidi yake."

"Hapana. Amenizidi."

"Mwalimu anazidiwa na mwanafunzi?"

"Mbali sana, mzee. Mimi bado nabana meno."

Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo mbele ya mtu. Yaliuma, ila maumivu yake yalikuwa ya mwiba unaotoka. Wivu haukuondoka. Ulikuwa umekaa palepale kifuani, unanisikiliza.

"Na dhahabu?" aliuliza mzee.

"Dhahabu ilikuwa mwambani. Haitokani na kukaa."

"Sasa huko kukaa kunaleta nini?"

"Yeye analala vizuri. Hagombani na mtu. Ukimwona unatamani uwe yeye, halafu unakasirika."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akakata uzi kwa meno, akazungusha gurudumu, akashona mstari mzima wa pindo. Dereva aliaga akienda kutafuta chakula, akasema safari nyingine atachukua abiria wanaoongea.

"Mwanangu nitamwombea mwenyewe," alisema mzee hatimaye. "Chumba utalipa kama wapangaji wote. Maji ya bomba yanakatika, yakikatika utabeba ndoo. Ulevi hapana."

"Silewi, mzee. Najitahidi."

"Jitahidi nje ya nyumba yangu, ukishindwa."

Akanipa ufunguo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao, na shati la yule kijana juu ya msumari. Nilifagia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umelegea, mguu mmoja umekufa ganzi, nikausogeza. Saa ile mwenzangu alikuwa anapanda kutoka shimoni, vumbi jeupe nyusi nzima, na watu wanamsubiri juu wamuulize waelekee wapi. Nikajaribu lile zoezi la tatu. Na azidi kutulia, nikasema. Na azidi kupata. La kwanza lilipita vizuri, hilo la pili likakwama, na kwa mara ya kwanza sikulisukuma.

Nikatoka kumuuliza mzee choo kiko upande gani.