Mkono wa Tairi Nyuma ya Jeep ya Papa

Tuliokuwa watoto Cyangugu, Rwanda, miaka ile ya baada ya vita, wakati ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Kongo, vita vingine vilikuwa havijaisha, tulijua magari kwa sauti zake. Lori la saruji kutoka Muganza lilipanda mlima likilia kama mtu mwenye kikohozi. Jeep ya Papa, baba yangu, ilishuka ikigonga ka-ka-ka, na hilo lilikuwa tairi lake la akiba likicheza nyuma. Tuliacha kamba ya kuruka, tukaacha mpira wa majani ya migomba katikati ya njia, tukakimbia kumpokea. Alinukia petroli, na mfukoni hakukosa mahindi ya kuchoma ambayo bado yalikuwa na joto.

Nyumbani tuliongea Kiswahili cha Bukavu, maana huko ndiko wazazi wangu walikokulia kabla ya kurudi Rwanda. Shuleni tulikaa wanne kwenye benchi la watu wawili, na kalamu ikikwisha wino tuliipuliza mpaka midomo ikawa ya buluu. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Mstari ukipinda kidogo tu, nilichana ukurasa mzima wa kayé, yaani daftari, na kuanza upya. Maman, mama yangu, alikuwa akisema, "Huyu mutoto atamaliza kayé yote mbele ya kuandika jina yake." Nawaambia mapema ili msinishangae: hata maneno haya nimeyaandika mara sita.

Jeep ile ilikuwa imekufa mara mbili kabla Papa hajainunua. Mlango wa nyuma ulikuwa dhaifu, hauwezi kubeba tairi, kwa hiyo alichomelea vyuma viwili kutoka kwenye bampa, vikapita mbele ya mlango, na tairi likafungwa hapo kwa nati nne. Kazi nzuri, ila mlango ulikuwa haufunguki tena mpaka utoe tairi. Wateja aliowasafirisha, mama wauza samaki na vitambaa, walipitisha mizigo juu ya viti vya mbele huku wakimtania: "Papa Mapendo, hii gari yako iko na mudomo, haina mukia!" Mapendo ni mimi, binti yake. Papa alicheka, akaiacha hivyo.

Kisha habari zikaja kutoka Bukavu kwamba Koko, bibi yetu mzaa Papa, ameanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa akiishi peke yake. Hakuweza kukaa, aliweza kulala tu. Siku zile mpaka ulifungwa bila mtu kuambiwa sababu, na risasi zikilia huko, sisi tulizisikia huku tukiosha vyombo. Papa aliamua kumleta. Angelala kwenye godoro nyuma ya jeep, na angepita mlango wa nyuma tu, kwani milango ya mbele ilikuwa myembamba. Kuacha tairi nyumbani hakukuwezekana, barabara za kule zilishamlia matairi mawili. Kulifungua nati kwa nati kila tutakaposimamishwa, na mama yake amelala juani, hakutaka kusikia.

Ndipo akatengeneza mkono. Alikata vile vyuma, akapanga kuweka mhimili kwenye kona ya bampa: bomba nene la maji lililovaa chuma cha duara, katikati grisi. Tairi lingekaa juu ya mkono wa chuma unaozunguka kwenye bomba hilo kama mlango, ukifunguliwa unakwenda pembeni, ukifungwa unashikwa na komeo. Fundi Safari, jirani yetu mwenye mashine ya kuchomelea, alikuja uani kwetu akausimamisha mhimili kwa kuupima na bampa yenyewe, akaugusisha moto mara mbili ushike.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimewaona waashi wakipima ukuta kwa pimamaji lenye kipovu cha hewa. Nilijitengenezea cha kwangu kwa kichupa cha dawa, maji, na nafasi ndogo ya hewa. Hakuna aliyenifundisha, na nilijivuna sana. Nikakiweka kando ya mhimili. Kipovu kikakimbilia pembeni.

"Papa, haijanyooka!"

"Jicho yangu haidanganyake," Fundi Safari akasema bila kugeuka. "Weye mutoto, enda ucheze na benzako."

"Papa, angalia mwenyewe!"

Papa akaangalia. Akaangalia tena. Nilikuwa karibu kulia, na alijua nikianza siachi. Akasema, "Safari, ndugu yangu, kata. Tuweke vile mutoto anasema."

Safari akakata huku akinung'unika kwamba sasa tunasimamiwa na batoto. Akachomelea upya, mhimili ukiwa wima kabisa kwa kichupa changu. Tulipofungua mkono ulikaa pale pale ulipoachwa, robo, nusu, wazi kabisa, haukutikisika. Papa alinishika kichwa. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Tulikwenda watatu: Papa, Maman, mimi. Mpakani, gari likiwa tupu, askari walichungulia dirishani tu. Kule Bukavu majirani wa Koko walimbeba kwenye shuka, jeep ikiwa imeelekea juu kilimani mbele ya nyumba yake, mkono wazi, umetulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Godoro lilikuwa refu kidogo. Miguu ya Koko ilifika kwenye ukingo wa mlango kabisa. Maman akakaa naye nyuma. Daraja tulilipita polepole, Papa akizuia pumzi kila mbao ikilia, nami nikisikia Koko akimlaumu Maman kwamba amembana kama mzigo wa chumvi.

Upande wa Rwanda walitusimamisha mahali palipochongwa pakawa tambarare.

"Fungua nyuma," afisa akasema.

Papa akavuta komeo, akazungusha mkono mpaka mwisho, akafungua mlango. Afisa akainama kando ya mlango kuangalia ndani. Papa akauachia mkono ili atoe karatasi mfukoni.

Na mkono ukaanza kurudi. Hakuna aliyeusukuma. Ulikuja taratibu, kisha kwa haraka, tairi zima na chuma chake, moja kwa moja kwenye miguu ya Koko. Niliuona kabla ya wote. Papa aligeuka, akaingiza mkono wake wa kulia katikati.

Nilisikia mfupa.

"Eh!" Afisa aliruka. "Chauffeur, hii gari yako inauma bantu?"

Kutoka ndani Koko akauliza, "Nani anafunga mulango? Sijaona hata hiyo Rwanda yenu!"

Papa hakulia. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mapendo," akasema, "shika pine. Shika nguvu, usiachie." Nikalikumbatia lile tairi kwa mikono yote miwili, shavu kwenye mpira wa moto, miguu yangu ikiteleza kwenye changarawe, mpaka afisa alipomaliza. Hakupekua sana. Alisaidia mwenyewe kufunga komeo, akasema, "Enda, mzee, enda hospitali."

Papa aliendesha kwa mkono wa kushoto. Gia nilibadilisha mimi. "Deuxième," aliita gia ya pili akikanyaga klachi, nami nikivuta fimbo kwa nguvu zangu zote. "Troisième. Hapana, rudisha, rudisha!" Tulipanda hivyo mpaka hospitalini Kamembe, jasho likimdondoka kidevuni, na Koko nyuma akiuliza huyu dereva mulevi tumemtoa wapi. Hakuna aliyemwambia kilichotokea mpaka alipolazwa kitandani.

Nilielewa peke yangu, siku mbili baadaye, nikiwa nimekaa uani. Ua wetu ni mteremko, kama nyua zote za Cyangugu. Jeep ilikuwa imeegeshwa ikitazama juu. Kichupa changu hakikupima gari, kilipima dunia. Mhimili ulikuwa wima kwa kilima chetu tu, na kila gari liliposimama pa tambarare, mhimili uliinama mbele pamoja na pua ya gari, ukaurudisha mkono. Fundi Safari alikuwa ameuweka sawa. Mimi ndiye niliyeharibu kilichokuwa sawa.

Safari alipokuja kuukata mara ya pili aliuliza kwa sauti, "Nani alisema tubadilishe?" Nilikuwa mlangoni. Papa, mkono kwenye plasta, akajibu, "Ni miye."

Nilinyamaza miaka mingi, na sioni fahari kuyasema haya leo. Koko aliishi nasi, akatembea kwa fimbo, akazikwa huku kwa amani. Jeep iliuzwa. Mimi nikaishia kuchomelea madirisha na mageti, kazi niliyojifunza mwenyewe, na kila kipimo nakirudia mpaka wateja wanachoka.

Mwaka jana tu nilimwambia Papa. Alikuwa akisugua kifundo cha mkono, maana mvua ikikaribia kinamuuma. "Nilijua kesho yake," akasema. "Kichupa ilikuwa inasema kweli, mama. Ni miye niliegesha gari kwenye kilima."

Vijana wa siku hizi wananicheka nikiwasimulia. Kipimo wanacho ndani ya simu, na mkono wa tairi unakuja kwenye boksi, na boliti zake zimehesabiwa na karatasi ya maelezo kwa lugha tano. Ukiharibika wanauandikia nyota moja kwenye simu na kuagiza mwingine. Siwalaumu. Vyao vinafunga vizuri kuliko vyetu, na hakuna anayevunjika mkono. Ila sijui wanapokosea wanakwenda kwa nani. Enzi zetu kosa lilikuwa na mwenyewe, na jioni mwenyewe aliketi sahani moja na mtu aliyemuumiza, na huyo aliyeumia akamega ugali kwa mkono wa kushoto, akamsogezea mwenye kosa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakubwa upande wake.