Pua Iliyofundisha Sanduku

Kwa miaka ishirini na sita Wamae amekuwa akinusa vifuniko vya mikebe ya maziwa, na hajawahi kuona kwamba kazi hiyo inahitaji maelezo. Mkebe unateremshwa kwenye bodaboda, yeye anafungua, ananusa kifuniko. Si maziwa, kifuniko, maana harufu hupanda na kujibana pale chini yake. Halafu anatoa neno moja kati ya mawili: "Mimina," au "Rudisha." Ukiambiwa urudishe, unafunga mkebe wako unaenda nyumbani, wala huna haja ya kuuliza kwa nini. Hatakwambia.

Ushirika wake wa maziwa uko upande wa Mukurweini, na kila mkulima ana nambari yake. Wamae hali kitunguu kabla ya saa nne asubuhi. Anaoga kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Mkewe, Tabby, aliacha mafuta ya nywele yenye manukato mwaka wa kwanza wa ndoa, na wanawake wa kanisani wakimuuliza huwaambia kwamba aliolewa na pua, na mwenye pua akaja nayo.

Sasa mwaka juzi chuo kikuu kimoja cha teknolojia kikatia saini mkataba na ushirika. Palikuwa na hema na viti vya plastiki. Profesa alisema "chuo na viwanda vitembee pamoja" mara tisa. Wamae alihesabu kwa sababu alikuwa na njaa. Siku iliyofuata akaja Shirleen, msichana wa kutoka Busia anayesomea shahada ya pili hapo chuoni, amebeba sanduku la ukubwa wa mkate, lenye mrija kwa mbele.

"Hii ni nini, daktari?" Wamae akamuuliza.

"Ni pua ya umeme, mzee. Na mimi bado si daktari."

"Utakuwa. Inanusa nini?"

"Kwa sasa hainusi kitu. Wewe ndiye utaifundisha. Unanusa kifuniko, mimi naweka mrija hapo hapo, unasema kama ni nzuri ama mbaya, naandika. Ikisikia nyingi, itajua yenyewe."

"Na ikishajua?"

"Itakusaidia."

"Ndugu yangu alisaidiwa hivyo na mashine ya kuosha kahawa," akasema Wamae. "Siku hizi yuko nyumbani."

Lakini alimfundishia. Miezi minne, kila asubuhi, wawili hao na sanduku lao.

"Hii ng'ombe imelala kwa matope," angesema Wamae.

"Hiyo niandike wapi? Niko na nzuri na mbaya tu."

"Andika mbaya. Lakini kidogo."

"Kidogo haina mahali, mzee."

Kwenye fomu za chuo palikuwa na nafasi ya mshirika kutoka kiwandani, na Shirleen akaandika hapo jina la Wamae. Wamae akaomba nakala, akaenda kumwonyesha Tabby kwamba yeye sasa ni kiwanda. Tabby akamwambia kiwanda kikakate majani ya ng'ombe kabla mvua haijanyesha.

Jumatatu moja sanduku likaanza kazi lenyewe, na Wamae akapewa kiti pembeni. Alikaa wiki tatu. Wiki ya nne, hoteli moja ya Nyeri mjini ikarudisha maziwa lala ya ushirika, yale ya mgando, na barua fupi: wageni wanasema yana ladha ya nyama choma.

Mwai, meneja wa ushirika, akaonja kikombe kimoja, akakiweka chini. Akatoka kwenda kusimama penye foleni. Kila mkebe ulikuwa ukinuka moshi. Akamuuliza mkulima aliyekuwa karibu naye, Nderitu, na Nderitu akajibu bila haya.

"Ukitundika mkebe juu ya moto wa kuni, hiyo sanduku haikatai. Hata ikiwa maziwa ya jana."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna. Ilikataa yangu, ikakubali ya jirani, na jikoni kwake hakuna dirisha. Nikafikiria."

Chuo kikapigiwa simu. Shirleen akaja na kompyuta yake, akakaa nayo siku mbili kwenye chumba cha kuhifadhia sabuni. Siku ya pili alasiri Wamae akampelekea chai.

"Ni moshi, mzee," akasema Shirleen, macho kwenye kompyuta. "Kwa rekodi zangu, kila mkebe wenye moshi ulikuwa mzuri. Kila mmoja. Nafikiri mrija wangu ulikuwa mchafu. Nitamwandikia profesa kwamba ni kosa langu, nianze masomo upya."

Wamae akaiweka chai mezani. Mrija haukuwa mchafu, na yeye alijua. Katika miezi ile minne mkebe wenye moshi ulikuwa mmoja tu, nambari arobaini na moja, wa cucu Warigia. Cucu kwa Kikuyu ni nyanya, yaani bibi, na huyu alikuwa nyanya mjane, mwenye ng'ombe mmoja. Maziwa ya moshi hurudishwa, hilo kila mpimaji analijua. Lakini tangu Warigia amzike mumewe, Wamae alikuwa akifungua mkebe ule, ananusa moshi, anasema "Mimina." Mkebe mmoja kati ya mia mbili ukipotelea kwenye tangi hauonjeki. Sanduku halikukosea hata kidogo. Lilijifunza alichofundisha.

Na sheria ya ushirika ni fupi: mpimaji akipitisha maziwa mabaya kwa kujua, anaenda nyumbani. Wamae aliwahi kumwona mwenzake, Griffins, akienda kabla ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Akamwambia Shirleen amfuate, wakaingia ofisini kwa Mwai.

"Mrija wa huyu msichana ni safi," akasema. "Pua ndiyo ilikuwa chafu. Nilikuwa nikipitisha arobaini na moja."

Mwai akamtazama. "Tangu lini?"

"Tangu mumewe, mzee Hezekiah, azikwe."

"Hiyo ni miaka kumi na moja, Wamae. Ati kila siku?"

"Jumapili hatupokei."

Mwai akamgeukia Shirleen. "Nikimfukuza, sanduku itafundishwa na nani?"

"Hakuna mwingine," akasema Shirleen.

"Basi mtaanza upya. Miezi minne. Ikiisha, Wamae, kamati itazungumza juu yako, na sikuahidi kitu. Kesho utaanza na arobaini na moja."

Warigia alifika saa moja asubuhi. Wamae akafungua, akanusa kifuniko, akakishika ili Shirleen aweke mrija.

"Rudisha," akasema.

Warigia akalitazama sanduku, kisha akamtazama yeye.

"Ni hii kitu imekataa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Sanduku lisingebisha.

"Hapana, cucu. Ni mimi. Inanuka moshi."

"Leo?"

"Kila siku. Tangu mzee aende."

Warigia akafikiri. "Alipoenda nikaanza kuweka mkebe jikoni, karibu na moto. Nje iliibiwa mara moja, na hakukuwa tena na mtu wa kuamka usiku." Akafunga kifuniko chake, akakigonga kwa kiganja ili kikazike. "Na hukuniambia."

"Nilikuonea huruma."

"Wamae, niko na chumba ya kulala ina mlango na kufuli. Miaka kumi na moja unanihurumia, na kazi yote ilikuwa ni kuhamisha mkebe."

Akajitwisha mkebe wake, akaondoka.