Nauli ya Mgeni wa Benki

Nyumba yangu ya Mlandege, kule mjini, niliirudisha mwenyewe. Wenzangu husubiri dalali aje na kipaza sauti, majirani wajae kama harusini. Mimi nilifagia, nikafunga mlango, nikapeleka funguo benki. Nilikuwa nimeiweka rehani nikanunua mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku. Mashine nzuri, inanguruma mpaka mnaongea kwa ishara. Tatizo, kila mwenye akili kama zangu alinunua ya kwake mwaka uleule, tukawa na mashine nyingi kuliko mpunga. Na mchele wa Ubaruku, hapa nisimame kidogo, ukiupika hauhitaji mboga, unakula na harufu yake tu. Haya, tuendelee.

Nikadhani funguo zimemaliza maneno. Kumbe nyumba iliuzwa, bei haikufika kwenye deni, na kilichopungua kikabaki kwenye jina langu. Shule niliishia la nne, na hawakutufundisha kwamba nyumba inaweza kuondoka deni likabaki. Mimi na mke wangu tukahamia Igowole, kwenye shamba la marehemu baba, tukapanda viazi na miti ya paini. Miaka ikapita kimya.

Jumapili moja akaja kanisani mama wakili kutoa ushauri wa bure. Watu walipanga foleni kuuliza mipaka ya mashamba, mimi nikauliza la kwangu. Akasoma mkataba wa mkopo niliokuja nao, akaniuliza mara ya mwisho nililipa lini.

"Baba, sheria inawapa benki muda wa kukushtaki kwa hicho kilichobaki. Kwako wewe muda wao unaisha kabla ya Pasaka, baada ya hapo hawakupati. Ila ukilipa chochote, au ukisaini kwamba unadaiwa, muda unaanza upya."

"Hata shilingi mia?"

"Hata mia. Na hilo shamba wanaweza kulifuata."

Miti ile ndiyo uzee wetu, hatuna kingine. Sasa mke wangu siku hiyo alikuwa Mbeya kwa dada yake aliyepata mjukuu. Alirudi na habari nyingi, mtoto kafanana na nani, nani hakuja kumwona, hata nafasi ya kusema la wakili sikuipata, nikasahau.

Wiki hiyohiyo akatokea kijana katumwa na benki, viatu vimejaa tope.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu," mke wangu akadakia, "ingia ndani, baridi hii itakuua."

Akanywa chai, akala viazi, akasema hakuja kwa ubaya. "Mzee, toa kidogo tu ya kuonyesha nia njema. Mambo yatalegea." Kijana mpole kweli. Nikamwambia sina la kulipa wala la kusaini. Akaaga.

Sisi huku mgeni aliyetoka mbali haondoki hivihivi, lazima ashikishwe kitu. Nikiwa bado ndani nikamsikia mke wangu uani: "Chukua, mwanangu, ya nauli." Kafungua pindo la khanga, katoa elfu kumi. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, halafu akachomoa kitabu cha risiti.

"Asante, mama. Naandika kwamba mmepunguza deni. Mzee atasaini hapa."

Nilitoka mbio ambazo sikujua bado ninazo. "Hiyo hela irudi!"

"We mzee umerogwa?" mke wangu akanishangaa. "Nimnyang'anye mgeni nauli?"

"Wakiiandika hiyo, deni linaanza upya! Miti itaondoka!"

"Mzee, ni elfu kumi tu," kijana akasema.

"Ndiyo hiyohiyo!"

Mke wangu akaniangalia, akamwangalia kijana, akakiangalia kile kitabu. Akiangalia hivyo najua anapiga hesabu. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi nilikupa nauli, sikuwapa benki. Kama ni ya benki, naiomba."

Jirani aliyekuwa akipita akasimama kabisa. Mgeni kupokonywa, hajawahi kuona. Kijana akasita, akairudisha noti.

Hapo ikabaki aibu. Mke wangu akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo kafungwa miguu. "Huyu mpelekee mama yako. Na usimwandikie risiti."

Kijana akacheka mpaka akainama. "Mama, ofisini wataniuliza huyu ni wa nani!"

"Waambie wa kwenu. Wewe si mnyalukolo, ndugu yetu wa huku?"

Akaondoka na jogoo kwapani, risiti haina hata herufi.

Pasaka ikapita. Nikamfuata wakili, akasema sasa hata wakishtaki, muda umewatupa mkono. Mtu atasema nimekwepa deni. Aseme. Mimi nilitoa nyumba nzima yenye bati jipya, wao wakaiuza kwa bei ya kuitupa.

Juzi tumepogolea miti. Matawi tunapikia mpaka leo, na mke wangu analalamika kwamba moshi wa paini unamharibia chai.